Kupunguza Sukari Ukiwa Mtu wa Chai na Baridi ya Mbeya

Kama unataka kupunguza uzito, kabla hujatoa hela kwa yule anayeuza majani ya kukausha tumbo ndani ya basi, nenda jikoni kwako ukapige hesabu moja. Nyumba yenu inanunua kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Gawanya kwa idadi ya watu, kisha gawanya kwa 30. Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo 6 inampa kila mmoja gramu 40 kwa siku, na hapo hujagusa soda ya mchana wala keki ya kikao cha harusi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linataka mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku asivuke gramu 50 za sukari ya kuongeza, na akiweza kushuka hadi 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Lakini nani huku kwetu anasawazisha kijiko?

Mimi nauza vitenge soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Ni kazi ya kukaa tangu asubuhi hadi jioni, na baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka mlima Loleza, cha kushika mkononi ni kikombe. Nilikuwa mtu wa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja. Hiyo ni kama gramu 48, karibu kalori 190, tena kwa vijiko vilivyosawazishwa ambavyo sikuwahi kuvitumia. Na zote zinapita kooni bila tumbo kujua kwamba limekula chochote. Ukila viazi vya kalori hizo hizo utashiba. Ukinywa chai ya sukari, saa moja baadaye unaulizia chapati.

Sikuanza kwa ajili ya uzito. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini, bei ikapaa, na mimi nikapunguza kwa sababu ya mfuko. Bei ilipotulia nikasema sasa narudi kwenye chai yangu. Haikunyweka. Ilikuwa tamu mpaka meno yanasisimka, nikaishia kuimwaga nusu. Wakati huo huo sketi ambazo nilishazitenga nimpe mdogo wangu zilikuwa zimeanza kufunga zipu. Hapo ndipo nikaanza kulifuatilia jambo hili kwa makusudi.

Ushauri wangu ni huu: usiache chai, acha sukari. Wengi wanavitupa vyote viwili siku moja, kesho yake kichwa kinawagonga, wanasema mwili umekataa. Mara nyingi kichwa hicho kinatokana na kafeini uliyoikatisha ghafla, maana majani ya chai yana kafeini. Kunywa chai yako kama kawaida, punguza nusu kijiko kila wiki, uupe ulimi nafasi ya kuzoea. Mtu wa vijiko vitatu atafika sifuri ndani ya wiki sita hivi bila kugombana na mtu nyumbani. Viungo vinasaidia sana: tangawizi iliyopondwa, mchaichai, iliki, kijiti cha mdalasini. Tangawizi nyingi, hasa asubuhi ya ukungu, inaziba lile pengo la utamu. Chai ya maziwa nayo ina utamu wake wa asili kutoka kwenye maziwa yenyewe. Maziwa ya Tukuyu yakichemka vizuri na iliki, sioni sukari inaongeza nini.

Nyumbani kwako ni rahisi. Shida ni kwa watu.

Mama mkwe wangu anakaa Tukuyu, karibu kabisa na mashamba ya chai, na kwake mgeni hajafika mpaka amenywa. Chai inatiwa sukari humo humo kwenye sufuria, kisha inamiminwa kwenye chupa. Ikifika mezani huna la kuchagua. Mara ya kwanza nilipomwomba aniwekee kikombe changu kabla hajatia sukari, alinyamaza kwanza, akaniangalia. Halafu akauliza, "Mwanangu, umepimwa sukari?" Nikasema hapana mama, napunguza mwili. Hilo ndilo lililomsikitisha zaidi, maana mkwe anayekonda anawatia watu wasiwasi kwamba mwanao hamtunzi. Jioni yake wifi yangu akanipigia simu kuuliza kama ndoa ina tatizo.

Kilichosaidia si kumweleza habari za kalori. Nilitangulia jikoni. Siku hizi nikifika Tukuyu naingia mwenyewe kupika chai, natenga yangu, ya wengine natia sukari kama wanavyopenda, namhudumia yeye kwanza. Mkwe anayeingia jikoni ana sifa tosha, hakuna anayechungulia kikombe chake. Kama wewe ni mwanaume na jikoni kwa wakwe hupakanyagi, mtumie salamu mapema shemeji yako au yeyote anayepika. Ukisubiri ukatae mezani mbele ya baba mkwe, utakuwa umemvunjia heshima mpishi.

Msibani mimi nakunywa kilichopo. Kikombe kimoja cha chai ya sukari kwenye msiba hakijamnenepesha mtu, na si mahali pa kuanza kuuliza chupa ipi haina sukari.

Soda sina maneno mengi. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hivi au zaidi, yaani kama vijiko tisa. Kwenye send-off na kipaimara omba maji tangu mwanzo, kabla mhudumu hajafungua chupa, maana akishafungua utaona haya kurudisha. Juisi ndiyo inayowadanganya watu, kwa kuwa ina jina zuri. Juisi ya pesheni inayouzwa mtaani ina sukari ya kutosha kuficha uchachu wote wa pesheni. Ya parachichi nayo sielewi kwa nini waitie sukari, wakati parachichi la Rungwe ukilikata na kulitia chumvi na ndimu linajitosheleza. Tunda zima kula bila woga: ndizi, embe, papai. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye ile hesabu ya gramu 50, ila ukilikamua likawa juisi, inaingia. Asali inaingia pia, iwe ya nyuki wakubwa au wadogo. Sukari guru vilevile. Na sukari yenyewe, iwe ya Kilombero au ile ya Malawi inayopenya mpakani Kasumulu, mwili haubagui.

Vile vidonge vya kutia utamu bila sukari sikuvigusa. WHO yenyewe mwaka 2023 ilishauri watu wasivitegemee kwa kupunguza uzito. Nami naona vinaufanya ulimi uendelee kudai utamu ule ule tuliokuwa tunaukimbia.

Sasa niseme jambo ambalo wauza majani hawatakuambia. Kuondoa sukari kunapunguza mwili pale tu ambapo hukuziba pengo kwa kitu kingine. Nina rafiki pale sokoni aliyeacha sukari kabisa, akawa anakunywa chai bila sukari na maandazi mawili badala ya moja, kwa kuwa "si nimeacha sukari". Mwili wake haukutikisika. Andazi kubwa lililozama kwenye mafuta linaweza kurudisha kalori zote ulizookoa kutwa nzima, na lenyewe limekandwa na sukari. Mlima wa wali wa Kyela usiku utafanya kazi hiyo hiyo. Mimi nilibadilisha kifungua kinywa: viazi mviringo vya kuchemsha au magimbi, na yai au maharage yaliyolala. Huku viazi si shida, vya Uyole vinajaa sokoni. Saa kumi jioni, ile saa ya njaa ya uongo, nakula karanga kiganja kimoja. Siku nikiwa na njaa ya kweli nakula chakula kamili, sijidanganyi.

Kuhusu mizani, uwe na subira kuliko unavyofikiri. Wiki ya kwanza unaweza kuona kilo imeshuka ukashangilia. Sehemu kubwa ni maji: mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, na akiba ile ikipungua maji yanatoka nayo. Hesabu ya mafuta ni ya polepole. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Zile kalori 190 za kila siku ukizikata mwezi mzima unapata 5,700, yaani robo tatu ya kilo kwa mwezi, kama mengine yote hayajabadilika. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anakuuzia dawa ya kuharisha. Lakini robo tatu hiyo ukiiacha iendelee mwaka mzima, hata ikipungua kasi njiani, nguo zitakuambia. Pima kwenye mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Ukipima leo kwa kijana wa mizani pale Kabwe na kesho duka la dawa, utachanganyikiwa bure.

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usifuate haya kwa kichwa chako. Dozi yako ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Ukikata sukari na dozi ikabaki vile vile, sukari ya damu inaweza kushuka ukaanza kutetemeka, kutoka jasho, hata kuanguka. Nenda kliniki yako na dawa zako mkononi, uwaambie unataka kupunguza nini na kiasi gani, wakupangie dozi kwanza.