Umeitwa kusomea elimu ya mazingira Nairobi? Tafuta mto wako kwanza

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka na vyuo kuanza kuita wanafunzi, simu yangu haitulii. Wazazi, vijana, wote wana swali moja: hii kozi ya elimu ya mazingira na mafunzo ya nje ya darasa ni ya nini hasa, na mtu akiimaliza atakula wapi? Nimeisomea hapa Nairobi, na kazi yangu ya leo ya kupeleka watoto wa shule msituni na mitoni imetokana nayo. Nimeona nijibu kwa kuandika, maana kwenye simu hatumalizi.

Nianze na la tumbo, kwa kuwa ndilo wazazi hulitaka kwanza. Kama unataka kufundisha shule ya umma, soma vizuri jina la shahada kabla ya kuijaza kwenye fomu ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni. TSC, tume ya walimu, humsajili mwalimu wa sekondari aliyesomea ualimu na mwenye masomo mawili ya kufundishia. Shahada ya mazingira peke yake haikufikishi hapo. Kwa mtu wa aina hiyo naona afadhali achukue ualimu, tuseme wa jiografia na biolojia, kisha mazingira ayafuate kwa kozi za kuchagua na vyama vya chuoni. Anayetaka kazi ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira ana njia yake, ya kusajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kama mtaalamu. Mashirika, hifadhi na shule za binafsi zenye ratiba ya masomo ya nje huangalia kitu kingine: je, unaweza kusimama na watoto arobaini juani, wakakusikiliza, na wote wakarudi salama?

Hilo la mwisho halipatikani kwenye slaidi. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni huu: chagua sehemu moja ya Nairobi na uifuate hadi siku ya mahafali. Kijito, pembe ya msitu, hata mtaro nyuma ya hosteli. Nenda wakati wa mvua za Aprili, nenda Februari vumbi likiwa limetanda, nenda hata siku ambayo mwili hautaki. Andika tarehe, andika ulichoona. Safari za basi la chuo kwenda Naivasha au Mlima Kenya ni nzuri na usizikose, lakini huko unaenda mgeni na unarudi mgeni. Maswali ya maana huja pale unapoanza kugundua kwamba jambo limebadilika.

Mimi nilichukua Mto Gitathuru. Unapita Msitu wa Karura, kisha unateremka hadi mtaa wa Mathare, na wanafunzi wachache sana hufikiri kwamba ni maji yale yale. Siku hizi nikipata darasa lililo tayari, tunaufuata kwa sehemu hizo mbili. Vifaa havizidi karai jeupe, kichujio cha chai, glavu na sabuni. Mtoto anainua jiwe, anakisuuza kilichong'ang'ania chini yake ndani ya karai, kisha tunainama wote na kuhesabu aina za wadudu. Wale wachanga wenye vimikia vitatu vyembamba wanahitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Kadiri uchafu unavyoongezeka, aina zinapungua, mpaka unabaki na funza wadogo wekundu wakijinyonganyonga kwenye tope. Mle msituni nako mto hauko salama kabisa, ila tofauti ya karai la juu na karai la chini mtoto wa darasa la tano anaiona bila kuambiwa.

Mara moja kule Mathare msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona hawa wekundu hawafi?" Jibu nilikuwa nalo: miili yao ina himoglobini, ile ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, na huwasaidia kushika oksijeni hata ikiwa kidogo sana. Sikulitoa. Nilimrudishia swali, nikanyamaza, na darasa likaanza kubishana. Katikati ya ubishi, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akasogea akauliza, "Mwalimu, hawa watoto wanatafuta nini kwa haya maji?" Wakamwonyesha karai. Akawaeleza kwamba alipoolewa hapo walikuwa wakifulia mtoni, na akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo maji ya choo yalianza kuingia. Somo likawa lake, mimi nikawa msikilizaji pamoja na watoto.

Kunyamaza baada ya kuuliza ndio ujuzi mgumu kuliko yote katika kazi hii, na nawasihi mujizoeze mapema, hata na wadogo zenu nyumbani. Sisi tumekulia kwenye madarasa ambayo mwalimu akiuliza lazima jibu litoke papo hapo. Huko nje jibu lina mwendo wake.

Nadharia utaisoma, na uisome kwa bidii. Utafundishwa mkutano wa kimataifa wa Tbilisi, Georgia, wa Oktoba 1977, uliosema kwamba elimu ya mazingira isiishie kwenye maarifa, ifike kwenye mitazamo, ujuzi na kushiriki. Ukifika hapo kumbuka kwamba Juni ya mwaka huo huo Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba hapa kwetu Kamukunji, na Green Belt Movement, harakati yao ya kupanda miti, ikaanza. Walichoandika wajumbe kule, akina mama wa hapa walikuwa wameshaanza kukifanya kwa majembe. Ukiingia Karura, fahamu pia kwamba Januari 1999 Maathai na waliokuwa naye walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kupinga msitu huo kugawiwa wajenzi. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Napenda wanafunzi waijue historia hiyo kabla hawajaanza kuhesabu ndege, kwa sababu kivuli wanachokaa chini yake kililipiwa.

Kuhusu kuongoza watu, chukua kozi ya huduma ya kwanza mwaka wa kwanza au wa pili, usingoje mafunzo ya nyanjani. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance huzitoa. Kabla ya kupeleka kundi mtaani, nenda peke yako ukaongee na wazee wa mtaa na vikundi vya vijana vinavyosafisha kingo. Eleza unachofanya, uliza kama kuna siku wao wenyewe wangependa. Usipige picha za watu na nyumba zao bila ruhusa. Hesabu watoto kila mnaposimama. Jua choo kiko wapi.

Pesa nazo ni jambo la kupangia. Kozi hii ina nauli nyingi, na Karura unalipa kiingilio, kwa hiyo fungu la mkopo wa HELB likiingia tenga la safari kabla ya lolote. Kuna mafunzo mengine ya bei nafuu na bora kuliko muhula mzima: matembezi ya Nature Kenya ya kutazama ndege, Jumatano asubuhi, yanayoanzia Jumba la Makumbusho ya Taifa. Huko unatembea na watu waliozijua sauti za ndege kabla wewe hujazaliwa, na hawachoki kuulizwa. Anza na kwarara, ambaye kelele zake unazijua tayari kutoka nyumbani. Na gambuti usinunue mpya dukani. Shuka soko la mitumba la Gikomba asubuhi mapema, uchukue zinazozidi namba yako kwa moja, ili soksi nene iingie, na uzijaze maji pale pale kwa muuzaji uone kama zinavuja.