Asasi Isiyogawana Faida Itakuzaje Biashara Yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msindikaji mdogo wa siagi ya karanga hapa Pasua, Moshi, na bidhaa yangu huiuza Mbuyuni na katika maduka machache ya mtaani. Asasi moja isiyo ya kiserikali imenialika nijiunge nayo kwa kiingilio cha shilingi 10,000, lakini viongozi wake wamesema wazi kwamba hawatoi mikopo. Asasi isiyotafuta faida, tena isiyo na fedha za kunikopesha, itakuzaje biashara yangu?

JIBU: Dada yetu wa Pasua, tuanze na neno faida, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi. Asasi zinazosajiliwa chini ya Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 hazizuiliwi kupata fedha. Kinachozuiliwa ni wanachama kugawana ziada. Hapo ndipo zinapotofautiana na ushirika, ambao sisi wa Kilimanjaro tumeuzoea tangu chama kikuu cha ushirika cha mkoa wetu, KNCU, kilipoundwa mwaka 1933, na ambao huweza kumrudishia mwanachama sehemu ya ziada.

Kutokukopesha, kwa maoni yangu, si kasoro. Mtu anayenunua makopo kumi kumi kwa bei ya rejareja, asiyejua kila kopo la siagi linamgharimu kiasi gani baada ya kuhesabu karanga, kusaga, umeme na nauli ya bodaboda, akipewa mkopo leo atauza kwa hasara ile ile, ila kwa wingi zaidi. Asasi inayoijua kazi yake huanzia hapo: hukaa nawe na daftari mpaka uweze kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya mboga, kisha hukukutanisha na wasindikaji wenzako ili mnunue vifungashio kwa jumla. Daftari hilo huchosha, na wengi huliacha baada ya wiki chache, ndiyo maana mkufunzi mzuri humfuata mwanachama mahali anapofanyia kazi badala ya kuishia kwenye semina na soda.

Zipo pia ofisi za kupitia. Jina la biashara husajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), namba ya mlipakodi hutolewa na TRA (mamlaka ya mapato), leseni hutoka manispaa, mafunzo ya usindikaji hupatikana SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), na barua ya utambulisho ya SIDO humsaidia mjasiriamali mdogo anapoomba alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango). Asasi haichukui nafasi ya ofisi hata moja kati ya hizo. Inachokuokolea ni siku za kuzungushwa kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika.

Mkopo wenyewe unaweza kuutafuta kwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa kwa kawaida hupitia vikundi vilivyosajiliwa, waulize viongozi hao kama watawasaidia kuandaa katiba ya kikundi na andiko la mradi.

Kabla ya kulipa kiingilio, omba kuonyeshwa cheti cha usajili na taarifa ya fedha ya mwaka uliopita, kisha wapate wanachama wawili au watatu wa zamani uwaombe wakufungulie madaftari yao. Ukilipa, dai stakabadhi.