Maswali yenu: Uhuru wetu sisi hasa ni upi?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi mama wa watoto nipo Wete. Mwanangu wa darasa la sita kaona baba yake kapumzika Disemba 9 kwa ajili ya uhuru, halafu Januari 12 tena sherehe kubwa, na bibi yake yeye anashikilia kwamba uhuru ulikuwa Disemba 10. Kaniuliza upi wetu, mie jibu sina. Nisaidieni jamani.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Bibi kasema kweli, lakini kila tarehe hapo ina mambo yake. Disemba 9 ni ya Tanganyika, walipata uhuru 1961, na sie tunapumzika kwa sababu tuko kwenye Muungano tokea Aprili 26, 1964. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Muingereza tokea 1890 na ikapewa uhuru Disemba 10, 1963, Waziri Mkuu akiwa Mohamed Shamte, mtu wa huko huko kwenu Pemba, na Sultan Jamshid ndo mkuu wa nchi.

Sasa kwa nini hiyo siku haisherehekewi? Hapo lazima urudi kwenye uchaguzi wa Julai 1963, chama cha ASP (Afro-Shirazi) walipata kura zaidi ya nusu, kama asilimia 54 hivi, lakini viti wakapata 13 tu kati ya 31, serikali wakaunda vyama vya ZNP na ZPPP kwa pamoja, kwa viti 18. Wengi wakaona uhuru umekuja lakini wao wamewekwa nje, na mwezi mmoja tu baadae, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi, Sultan akaondoka na Mzee Karume akawa Rais. Ndo mana serikali inahesabu kuanzia hapo, fashifashi (fataki) zinapigwa usiku wa kuamkia tarehe 12, asubuhi ni gwaride la vikosi, maandamano na hotuba ya Rais, na siku za kabla yake ni kuweka mawe ya msingi na kufungua maskuli na mabarabara Unguja na Pemba, bila kusahau Kombe la Mapinduzi.

Mi kinachonigusa zaidi ni halaiki. Watoto wanafanya mazoezi na jua lile la kaskazi, wanapangwa mistari mpaka ukiwatazama kutoka jukwaani unaona umbo moja tu linakwenda, lakini muulize mmoja wao anachokicheza hapo ni nini, wengi watakwambia Mapinduzi basi. Hii si haki kwa watoto. Wafundishwe tarehe zote, na waambiwe pia kwamba Januari ile kuna familia zilipoteza watu wao, mana wako majumbani waliokuwepo na wanakumbuka, wengine wanafurahi siku hiyo na wengine wanakaa kimya. Mwanao ana bahati bibi yupo, mwache amuulize yeye.

SWALI: Mhariri, hivi kilele cha sherehe za Mapinduzi lazima kiwe uwanja wa Amaan, Unguja? Na sie wa Chake tunataka kuona. – Kijana, Chake Chake

JIBU: Si lazima. Mara nyingi ni Amaan kweli, lakini kuna miaka kinaletwa hapo hapo kwenu, uwanja wa Gombani. Sikiliza redio mwanzo wa Januari, na kikija wahi alfajiri mana jukwaa lenye kivuli linajaa mwanzo.