Maswali ya Wasomaji: Tumikianeni, Si Watumikieni

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, wa makanisa mawili tofauti. Nimeziweka pamoja kwa sababu kila mmoja wao, kwa njia yake, anauliza maana ya kutumikiana katika kanisa: nani amtumikie nani, kwa mikono au kwa fedha, na ifanyweje zamu ya kutumikiwa inapokufikia wewe.

SWALI: *Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 54, msharika wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Kwa miaka 14 nimesimamia jiko la usharika wetu. Kipaimara, sikukuu ya mavuno, misiba, wageni wa jimbo, yote hupitia mikononi mwangu, na kila Jumamosi jioni ni mimi ninayefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Mwezi Machi nilifanyiwa upasuaji, nikalala nyumbani wiki 4. Nilimwarifu mchungaji wetu peke yake, nikamwomba asitangaze ibadani, kwa sababu sipendi kusumbua watu. Katika wiki zote hizo, mbali na mchungaji, aliyenipigia simu kutoka kanisani ni mama mmoja tu, naye alitaka kujua ufunguo wa stoo nimeuacha kwa nani. Sasa nimerudi jikoni, lakini napika moyo wangu ukiwa na uchungu. Je, nikiacha huduma hii nitakuwa nimemkosea Mungu? Na huduma inayofanywa kwa uchungu yaweza kuitwa upendo? — Mama wa Jikoni, Moshi.*

JIBU: Amina, Mama, na pole sana. Pole hii ilistahili kukufikia mwezi ule ule wa Machi, tena ikiletwa na mtu mlangoni pako, akiwa na mtori wa moto kwenye chupa, si kwa njia ya gazeti miezi kadhaa baadaye. Uchungu wako una sababu ya haki, na sitakuambia uufiche.

Tuanze na neno lenyewe. Mtume Paulo anawaandikia Wagalatia (5:13): “Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo.” Wafasiri wa Biblia yetu hawakuandika “watumikieni”. Waliandika “tumikianeni”, na ile silabi ndogo iliyoingia katikati ndiyo hiyo hiyo inayofanya kupenda kuwa kupendana, na inayotuwezesha kusema kwamba fulani na fulani ni watu wa kufa na kuzikana. Kwa Kigiriki kitenzi alichokichagua Paulo ni kile kinachotaja kazi ya mtumwa, jambo la kushangaza, kwa kuwa mwanzoni mwa sura hiyo hiyo ametoka kuwaonya wasinaswe tena chini ya kongwa la utumwa. Inawezekanaje anayelivunja kongwa awaambie watu watumike kama watumwa? Jibu limo katika hiyo silabi ndogo. Mtumwa hutumika upande mmoja. Hakuna anayerudi jioni kumwosha yeye miguu. Watu wote wanapokuwa watumwa wao kwa wao, bwana hayupo tena. Nikilisoma neno hilo huwakumbuka wale waliokombolewa utumwani na kupata makao penye misheni ya Bagamoyo tangu 1868, na Freretown karibu na Mombasa tangu 1875, ambao walikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa pwani yetu. Kwao “kutumika” halikuwa neno tamu la mahubiri. Lilikuwa na makovu. (Leo tumefika mahali ambapo “Mtumishi” ni cheo, na mwenye cheo hicho hubebewa mkoba. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Basi, Mama, kilichofanyika katika usharika wenu kwa miaka 14 ni nusu ya agizo. Wewe umetumika, nao wametumikiwa, na mambo yakazoeleka hivyo hata mwili wako ulipolala kitandani, kilichoonekana kupungua ni ufunguo. Hilo ni kosa la jumuiya yako. Jumuiya inayokutana nyumba kwa nyumba kila juma haina udhuru wa kutojua kwamba mwenzao hajaonekana Jumapili nne mfululizo. Mwenyekiti alipaswa kuuliza, na jirani alipaswa kubisha hodi.

Hata hivyo, katika barua yako kuna sentensi moja niliyoirudia mara tatu: “nikamwomba asitangaze ibadani, kwa sababu sipendi kusumbua watu.” Niruhusu nikuambie bila kukuzungusha: hapo nawe uliishika nusu nyingine ya agizo, ukaizuia. Petro alifanya vivyo hivyo. Usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, Bwana alipokuwa akiwaosha wanafunzi wake miguu na kumfikia yeye na bakuli la maji, Petro alikataa: “Wewe hutanitawadha miguu kamwe.” Ukisikia juu juu, utadhani ni unyenyekevu. Jibu alilopewa lilikuwa kali kuliko maonyo mengi ya usiku ule: “Kama nisipokutawadha, huna shirika nami.” Asiyekubali kuoshwa hana shirika, hata angekuwa hodari wa kuosha wengine.

Nayasema haya nikiwa nimeshayafanya. Miaka mingi iliyopita nilianguka na pikipiki nikitoka mtaani, nikavunjika mguu, nikafungwa plasta hadi pajani. Siku ya tatu alikuja kijana wa jumuiya yetu, fundi rangi, na ndoo ya maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni ya mche, akasema amekuja kuniogesha. Nilimwambia, “Asante mwanangu, nitajiweza.” Sikuwa najiweza, mke wangu ndiye aliyekuwa akiniinua peke yake, naye mgongo wake ulikuwa unamuuma. Kijana akaiacha ndoo barazani, akaenda zake. Jioni mke wangu aliniuliza swali moja tu: mimi ninayewahubiria watu kila Jumapili kuhusu bakuli na kitambaa, nilitaka wajifunzie kwa nani? Kesho yake tulimtumia ujumbe kijana akarudi. Aliniosha mgongo polepole, akiukwepa ule mguu, huku akinieleza bei ya rangi ya mafuta. Nilitazama ukutani muda wote kwa aibu. Lakini tangu siku hiyo, nikienda kumwona mgonjwa, naketi kitako. Zamani nilikuwa nasimama karibu na mlango.

Sasa ufanye nini? Soma Matendo 6. Katika kanisa la Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Tazama ambacho mitume hawakukifanya: hawakuwaambia wajane wasamehe na kunyamaza, wala hawakusema kwamba wanaonung'unika hawana roho ya utumishi. Waliyachukua manung'uniko kuwa ni habari ya kweli, wakaitisha mkutano, wakabadilisha utaratibu. Walichaguliwa saba, na majina yao yote, tangu Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Yaani huenda kazi ilikabidhiwa upande uliokuwa umeumizwa. Na tusisahau kwamba hao saba waliowekewa mikono wahudumu mezani walikuwa wanaume. Nalitaja kwa ajili ya akina baba wanaosoma ukurasa huu, ambao siku ya kipaimara hula wa kwanza, wakanawa, wakaenda kukaa chini ya mwembe hadi sufuria la mwisho lisuguliwe.

Kwa hiyo, peleka jambo hili kwenye baraza la wazee. Usiliache likazungumzwe jikoni. Omba mapumziko ya miezi 3, uyaite kwa jina hilo, na useme sababu: nimefanyiwa upasuaji. Ufunguo wa stoo ukae kwa watu wawili ambao wewe si mmoja wao. Liwepo daftari la zamu, na katika kila zamu wawepo wanaume walau wawili wa kubeba maji na kusugua masufuria. Akija mtu kukuona, mpe kazi: akufulie, akuchotee maji. Itakuuma kumtazama akianika shuka zako vibaya. Mwache aanike.

Umeuliza kama kuacha ni dhambi. Si dhambi. Martha, aliyehangaika na utumishi mwingi Yesu alipofika nyumbani kwake, hakuambiwa azime moto. Aliambiwa kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na aliyemwambia hayo alikuwa anamjali. Kuhusu chakula ulichopika kwa uchungu, waliokula walishiba, na kushiba kwao hakukuwa kwa uongo. Siku nyingi upendo hufanya kazi hata moyo ukiwa umechoka. Ninachokihofia ni uchungu unaonyamaza miaka, kwa sababu mwisho wake ni kuwahudumia watu kama anayewaandikia deni, na deni lenyewe hawalijui.

SWALI: *Shikamoo, Mchungaji. Ninafanya kazi Dar es Salaam, zamu za usiku, mara nyingi hadi Jumapili. Katika kundi la jumuiya yetu kwenye simu, mtu akiugua au akifiwa, mimi huwa miongoni mwa wa kwanza kutuma mchango. Juzi mwenyekiti alisema mbele ya watu kwamba kuna wanaodhani Ukristo ni muamala. Nilijua ananisema mimi. Je, kutoa fedha si kutumikia? — Kijana wa Zamu, Temeke.*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mwenyekiti alikosea kukusema hadharani, na alikosea pia katika Maandiko. Paulo alihangaika kukusanya fedha Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na alipowaandikia Wakorintho kuhusu mchango huo aliuita huduma. Ndugu aliyelala Muhimbili hahitaji kuimbiwa tenzi tatu na watu kumi ambao hakuna hata mmoja aliyeuliza dawa zinagharimu kiasi gani. Mchango wako unaofika saa nane usiku, kabla duka la dawa halijadai, ni mkono uliomfikia.

Lakini soma pia jinsi Wafilipi walivyofanya. Paulo akiwa kifungoni walimpelekea vitu, na waliviweka mikononi mwa mtu, Epafrodito, ambaye aliugua karibu ya kufa kwa ajili ya safari hiyo. Msaada ulikuja na mtu wa kukaa naye. Yesu naye katika Mathayo 25 anasema, “nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama.” Kitenzi ni kuja. Na Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu alizozishona, nguo ambazo kila moja ilishonwa na mtu aliyejua kimo cha atakayeivaa. Kuna kazi ambayo muamala hauiwezi: hauwezi kumgeuza mgonjwa ubavu.

Ushauri wangu ni mdogo. Endelea kutuma. Kisha, katika wote unaowachangia, chagua mmoja kwa mwezi ambaye utamfuata mwenyewe siku yako ya mapumziko, hata kwa nusu saa, bila kupiga picha na bila kuandika kwenye kundi kwamba umefika. Asubuhi ukitoka zamu ni saa nzuri kuliko unavyodhani. Aliyekesha na mgonjwa usiku kucha anahitaji mtu wa kumpokea ili naye akaoge. Mwenyekiti wako mwombe mkae faraghani, umweleze ratiba yako. Huenda hajui hata unafanya kazi gani, na hapo nawe utakuwa umemsaidia.

SWALI: *Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka huu nilichaguliwa kuwa mmoja wa 12 waliooshwa miguu na Padre siku ya Alhamisi Kuu. Siku moja kabla nilikwenda saluni nikasuguliwa visigino, nikanunua na viatu vipya. Wakati wa ibada nikajiona mnafiki. Nilikosea? — Dada wa Parokia, Iringa.*

JIBU: Milele na milele, amina. Hukukosea, dada yangu, na nina hakika wenzako 11 nao walijisugua. Ni adabu tu, kama mtu anavyofagia uwanja akisikia mgeni anakuja. Furahi kwamba uliketi kwenye kiti hicho, maana hadi Januari 2016 taratibu za kanisa lenu ziliwataja wanaume peke yao. Hayati Papa Fransisko alizibadilisha, baada ya yeye mwenyewe kuwa amewaosha miguu vijana katika gereza la watoto mjini Roma siku ya Alhamisi Kuu ya 2013, wasichana wakiwamo.

Kama visigino bado vinakusumbua moyoni, nitakueleza nilichokiona kwa majirani zangu Waadventista Wasabato. Wao huosha miguu kila robo ya mwaka kabla ya Meza ya Bwana, na hakuna anayechaguliwa, kwa sababu Yohana 13:14 inasema “kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi.” Wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili. Mmoja huketi, mwingine hupiga magoti na kuosha, akafuta kwa taulo. Kisha aliyeketi hushuka sakafuni, maji humwagwa, beseni hujazwa upya, na aliyekuwa amepiga magoti huvua viatu vyake.