Maswali ya Wasomaji: Aliyeanguka katika nusu fainali alipataje dhahabu?

SWALI: Mhariri, salaam. Katika marudio ya Olimpiki ya Pyeongchang 2018 nilimwona Mfaransa Pierre Vaultier akianguka katika nusu fainali ya mbio za ubao wa theluji, kisha siku hiyohiyo akatangazwa bingwa. Je, ilikuwa bahati tu?

JIBU: Bahati ilikuwapo, ndugu msomaji, lakini isingetosha peke yake. Mchezo huo, uitwao snoubodi krosi, huanza kwa kila mmoja kushuka peke yake akipimwa kwa saa. Baada ya hapo saa huwekwa kando, washindani wakashuka kwa makundi katika njia moja yenye matuta, miruko na kona zilizoinuliwa kingo, na kinachohesabiwa ni nafasi tu. Katika nusu fainali ile walishuka watu sita, na watatu wa kwanza ndio waliosonga mbele. Vaultier hakulazimika kushinda, bali kuwa wa tatu, na kwa kuwa wenzake kadhaa walianguka katika mgongano uleule, aliyewahi kunyanyuka alikuwa bado na nafasi.

Kunyanyuka kwenyewe, hata hivyo, si kazi ndogo. Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, na mkononi hakuna fimbo za kujisukumia kama alizo nazo mtelezaji wa ski, kwa hiyo anayesimama kabisa mahali tambarare hubaki kurukaruka kama mtoto katika mbio za magunia. Vaultier aliurudisha ubao kwenye mteremko, akapata mwendo, akaipata nafasi ya tatu. Katika fainali aliwatangulia Jarryd Hughes wa Australia na Regino Hernández wa Hispania.

Mimi, lakini, ningekuomba uitazame zaidi dhahabu yake ya kwanza, ya Sochi 2014. Vaultier, mzaliwa wa Briançon katika milima ya Alpi, mwaka 1987, alikuwa amekwenda Vancouver 2010 akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, akarudi bila medali. Safari ya pili ilielekea kuharibika kabla haijaanza, kwani Desemba 2013, takriban miezi miwili kabla ya Michezo, alichanika ligamenti ya mbele ya goti. Hiyo ndiyo inayolizuia goti lisichomoke mtu anapotua au kugeuka ghafla, na mchezo huu ni kutua na kugeuka kuanzia juu hadi chini. Vaultier alilifunga goti kwa kifaa cha kulishikilia, akashindana hivyo hivyo. Ukungu uliahirisha mbio kwa siku moja, na tarehe 18 Februari akamshinda Mrusi Nikolai Olyunin mbele ya mashabiki wa Olyunin mwenyewe.

Alipoirudia dhahabu hiyo Pyeongchang alimfikia Mmarekani Seth Wescott, aliyeshinda mwaka 2006, mchezo huu ulipoingia Olimpiki, na tena 2010. Katikati ya dhahabu zake mbili, Vaultier alitwaa pia ubingwa wa dunia wa 2017 huko Sierra Nevada, Hispania. Zaidi ya hayo, alishinda mara 6 jumla ya pointi za msimu mzima wa Kombe la Dunia la mchezo huu, ambayo tuzo yake ni tufe la kioo. Na pointi hizo hukusanywa mbio baada ya mbio, majira yote ya baridi, ambako bahati ya siku moja haimfikishi mtu mbali.