Matofali ya Pongwe: usishindane na mvua, badili mchanganyiko

Ndugu yangu wa Pongwe, unayeuliza kwa nini matofali yako ya saruji hayafanani, nimekuelewa: mashine ileile, saruji ileile, lakini leo tofali linalia kama chuma, kesho linameguka pembe ukilipakia. Nami niliteswa hivyo.

Usibadili chochote bado. Wiki mbili andika ndoo za maji, hali ya mchanga na matofali yaliyovunjika. Finya mchanga kiganjani. Ukibaki donge umelowa; wiki hizo zikiisha, siku kama hiyo punguza maji. Kwangu tatizo lilikuwa mchanga ulionyeshewa, si fundi niliyemkaripia bure.

Halafu chukua mbinu ya Genichi Taguchi, mhandisi Mjapani: usipigane na chanzo cha tofauti, tafuta mchanganyiko usioyumbishwa nacho. Kiwanda kimoja cha vigae Japani, mwaka 1953, kilikuwa na tanuri lenye joto lisilo sawa. Hawakujenga jingine, waliongeza chokaa kwenye udongo, tofauti za vigae zikapungua sana. Nawe jaribu michanganyiko michache, kila mmoja kwa mchanga mkavu na uliolowa. Chagua unaotoa matofali yanayofanana, hata kama mwingine ulitoa moja gumu zaidi. Kipimo hicho kibandike ukutani, vijana wakifuate.

Mchanga wa ufukweni usiguse, chumvi hula nondo. Na kama matofali ni ya kuta za kubeba ghorofa, peleka sampuli maabara ya vifaa vya ujenzi kabla ya kuuza.