Maswali Yenu: Mgongo wa Mtoto na Picha za Mionzi

Binti yangu wa miaka 13 mgongo umepinda, tumepangiwa upasuaji Dar. Daktari anasema watampiga picha za eksirei hukohuko ndani ya chumba cha upasuaji. Mionzi yote hiyo haitamdhuru? (Mama, Wete)

Mama, zile picha si za anasa. Skrubu ya kushikilia mgongo inapoingia kwenye pingili, milimita chache pembeni yake inapita mishipa ya fahamu inayomfanya mwanao atembee. Ikikosea njia, hasara yake haifanani na ya mionzi. Muulize daktari mambo mawili: mashine imewekwa kiwango cha mionzi cha mtoto au imeachwa cha mtu mzima? Na inamulika mfululizo au kwa vipigo vifupi vifupi? Kama watatumia CT (eksirei inayozunguka mwili) humo humo chumbani kuongoza skrubu, kazi hutoka sahihi zaidi na wahudumu huweza kusogea pembeni, lakini mtoto hawezi kusogea. Kiwango chake lazima kipunguzwe kwa makusudi.

Mimi hofu yangu kubwa si siku ile moja, ni miaka ya kabla na baada yake. Marekani walifuatiliwa wanawake 5,573 waliokuwa na migongo iliyopinda, matokeo yakatoka mwaka 2000. Kila mmoja alikuwa amepigwa picha kama 25 kwa wastani, na vifo vya saratani ya matiti vilizidi vya wanawake wengine kwa karibu asilimia 70. Mashine za enzi zile zilikuwa kali kuliko za leo, sawa. Lakini binti anapopigwa picha ya mgongo, mgongo ndio uelekee inakotoka mionzi, kifua kiegemee ubao wa mashine. Matiti hupata mionzi kidogo sana hivyo, na hakuna gharama yoyote. Mwambie mpiga picha kabla hajabonyeza.

MRI, ile mashine ya sumaku, nayo ina mionzi kama eksirei?

Haina. Altrasaundi pia haina. Munaniuliza hili kila mara, tafadhalini lishikeni.

Nimpe maziwa baada ya picha ili mionzi itoke?

Haikai mwilini hata itoke. Mashine ikizimwa, imekwisha.

Tulifika Dar na picha za Unguja, tukaambiwa tupige upya. Ni haki? (Baba, Fuoni)

Pengine ni haki. Picha ya kupangia upasuaji iwe ya karibuni, mtoto amesimama, kuanzia shingoni hadi nyonga. Akipigwa amelala, mpindo huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Lakini mara nyingi kosa ni letu. Mwezi uliopita baba mmoja kutoka Pemba alinifungulia bahasha iliyolala chini ya godoro miaka miwili. Filamu mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Nilipozibandua, pingili za kiuno zikabanduka nazo. Mtoto akapigwa tena. Na sisi wa kazi hii nasi tuna makosa yetu: katika hospitali moja niliyofanyia kazi, mtoto alipigwa mara tatu asubuhi moja kwa sababu hakuna aliyempima urefu kabla ya kuweka sahani ya kunasia picha. Kila picha ya mtoto wako ombeni nakala kwenye CD. Picha ya simu ya filamu iliyoinuliwa dirishani haipimiki.

Mimi ni mjamzito, naweza kumshika mwanangu akipigwa picha?

Hapana. Amshike baba, shangazi au jirani, avae aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi.

Mwanangu mpindo wake ni nyuzi 15. Nimpeleke picha kila mwezi?

Hapana, hapana! Upimaji wenyewe unaweza kutofautiana nyuzi 5 kwa mgongo uleule, sasa mwezi mmoja utakuonesha nini? Kwa mtoto anayekua, miezi 4 hadi 6 kama daktari atakavyosema. Baina ya hapo, akirudi skuli mvue shati, ainame mbele miguu pamoja, mikono ikining'inia. Kaa nyuma yake, macho yako usawa wa mgongo, utazame kama mbavu za upande mmoja zimepanda kuliko za pili. Zikizidi kupanda, usingoje tarehe ya kliniki.